Nafuta data za tovuti kwenye simu, mbona nyingine hazitoki?

Msomaji wa Usiku

Habari za wakati huu wakuu. Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu njia fupi zote nimeshazijaribu.

Simu yangu ni ya Android, kivinjari ni Chrome. Mama anaumwa figo, na kwa miezi miwili sasa, akishalala, mimi husoma kila ninachokipata kuhusu ugonjwa huo. Kurasa nyingine zinaandika waziwazi mgonjwa wa hatua fulani huishi miaka mingapi. Mama naye huazima simu hii hii kila jioni aongee na wadogo zake na kusoma habari. Sitaki akutane na maneno hayo ghafla, mimi nisiwe karibu. Daktari wake anamweleza taratibu, na ndivyo anavyotaka mwenyewe.

Kwa hiyo kila alfajiri nafuta: historia, vidakuzi (cookies, vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye simu ili zikukumbuke), picha na faili za akiba. Nikimaliza naingia kwenye mipangilio ya tovuti, na orodha ya tovuti zote bado ina majina 11. Tisa hazina data yoyote, majina tu. Mbili zina data, nikizifuta moja moja kesho yake zimerudi. Kuna tovuti ambayo hata baada ya kufuta, nikigusa sehemu ya kuingia, barua pepe yangu inaletwa. Linaloniumiza zaidi ni kwamba nikifungua kichupo kipya (tab), pale chini zimejaa makala za figo. Juzi mama aliniuliza, "Mbona simu yako inazungumzia figo tu?" Nilikosa la kumjibu.

Kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani sitaki, ina picha na sauti za familia ambazo sijazihamisha. Ni nini kinabaki, na kinakaa wapi?

Fundi wa Tovuti

Pole sana kwa kuuguza, ndugu yangu. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na swali hili naulizwa mara kwa mara, ila kwa sababu nyepesi kuliko yako.

Tuanze na zile mbili zinazorudi, maana hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Vidakuzi vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli alipokuwa kwenye kampuni ya vivinjari ya Netscape, na kila kimoja ni kitu kidogo, kama kilobaiti 4. Tovuti za leo hazitegemei hivyo peke yake. Zina hifadhi yake ndani ya kivinjari, yenye nafasi ya megabaiti kadhaa, na msimbo wa ukurasa unaweza kuandika humo wakati wowote ukurasa ukiwa wazi. Ukifuta data huku kichupo cha tovuti hiyo bado kipo, siku utakapokigusa kitapakia upya na kuandika upya. Wala hutajua, kwa sababu hukuifungua tovuti kwa makusudi. Fungua orodha ya vichupo uhesabu. Angalia pia sehemu vinapowekwa vile ambavyo havijaguswa siku nyingi. Funga vyote kwanza, ndipo ufute.

Halafu tazama kipindi ulichochagua. Dirisha la kufuta linaweza kukuwekea dakika 15 zilizopita tu. Chagua tangu mwanzo.

Yale majina tisa yasikutie hofu. Orodha ile inataja pia tovuti ulizozipa au kuzinyima ruhusa, kwa mfano ya kukutumia arifa. Ruhusa si data ya tovuti, ina kisanduku chake kwenye dirisha la kufuta, na kwa kawaida hakijawekwa alama. Kiwekee.

Barua pepe nayo haitoki kwenye tovuti. Ni kivinjari chako kinachojaza fomu, kwa hiyo itafute kwenye manenosiri yaliyohifadhiwa na sehemu ya kujaza kiotomatiki.

Makala za kichupo kipya ndizo hutaweza kuzitoa kwa kufuta data za simu, hata ukifuta mara mia. Hizo huchaguliwa kwa kufuata shughuli za akaunti yako ya Google, na kumbukumbu hiyo haiko kwenye simu. Tena ukifuta vidakuzi kwenye Chrome ya simu, akaunti yako ya Google hubaki imeingia. Ingia kwenye akaunti, tafuta Shughuli Zangu, futa za miezi hiyo miwili. Au zima makala hizo kabisa kwenye ukurasa wa kichupo kipya. Kwa hali yako mimi ningezizima leo hii.

Kipepeo

Niongeze moja. Kama huwa unafungua viungo ukiwa ndani ya programu ya mazungumzo au ya mitandao ya kijamii, baadhi ya programu hizo zina kivinjari chao cha ndani chenye vidakuzi vyake. Kufuta kwenye Chrome hakuvigusi kabisa. Hivyo hufutwa ndani ya programu yenyewe au kwenye mipangilio ya programu za simu.

Msomaji wa Usiku

Mungu awabariki. Nilikuta vichupo 34. Sikuwa najua kabisa! Zile tovuti mbili zilikuwemo humo, moja imefunguliwa mara tano. Nimefunga vyote, nimefuta tangu mwanzo pamoja na ruhusa, na orodha sasa ni tupu. Makala nimezizima. Shughuli za akaunti nimefuta jana usiku, zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, nikaona hadi saa tisa usiku nilikuwa bado nasoma.

Sasa nitaendeleaje kusoma bila kurudia kazi hii kila alfajiri?

Fundi wa Tovuti

Soma kwenye kichupo fiche (incognito). Ukifunga vichupo fiche vyote, historia na vidakuzi vyake vinaondoka navyo. Usisahau kuvifunga, kwa sababu vikibaki wazi, na data yake bado ipo. Na ukipakua faili au kuweka alamisho (bookmark) ukiwa humo, vitu hivyo hubaki kwenye simu kama kawaida.

Msomaji wa Usiku

Hapo kwenye kupakua umenishtua. Nimekwenda kuangalia na kweli, kuna faili mbili za PDF za mwezi uliopita, jina la ugonjwa limeandikwa juu kabisa. Nimezihamishia kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye simu. Mama ameshaichukua, anaongea na mdogo wake hapa sebuleni.