Modemu ya laini ya simu kwenye Linux: inapiga, inapokelewa, kisha inakata

Mpigalaini

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limenikesha jioni nne mfululizo. Nina kompyuta ya mezani yenye Debian, aina mojawapo ya Linux, na intaneti ninayoweza kuipata ni ile ya kupiga simu kwa laini ya waya, basi. Ndani ya kompyuta mna kadi ya modemu iliyochomekwa kwenye nafasi ya PCI. Amri ya lspci inaiona na kuiorodhesha kuwa ni "Communication controller", lakini nikiendesha wvdialconf, inayotafuta modemu na kuandaa mipangilio ya wvdial, programu ya kupiga simu, hupita poti moja baada ya nyingine, kuanzia ttyS0 hadi ttyS3, kisha husema kwamba haikukuta modemu yoyote. Kadi hiyohiyo ilikuwa ikifanya kazi bila tabu chini ya Windows, kwa hiyo siamini kwamba imeharibika.

Ninayo pia modemu ya nje, kiboksi chenye safu ya taa nyekundu mbele na swichi nyuma, ambayo hutumia kebo ya serial. Kompyuta yangu haina tundu la serial, ila ninayo kebo ya kugeuza serial kuwa USB. Kabla sijaanza kuhangaika na hiyo ya pili, ningependa kujua kama kadi ya ndani inaweza kuokolewa, na kama haiwezi, nianzie wapi. Sijazoea amri za AT, zile za maandishi ambazo modemu huelewa, kwa hiyo atakayejibu namwomba asiruke hatua.

Fundi_Waya

Ndugu Mpigalaini, kadi yako ni nzima, ila si modemu kamili. Modemu kamili huwa na chipu inayogeuza biti kuwa sauti na sauti kuwa biti, pamoja na kidhibiti kinachopokea amri, kusahihisha makosa na kubana data. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walitafuta namna ya kupunguza gharama, wakaondoa kidhibiti, na mara nyingi wakaondoa hata chipu ya kuchakata sauti, kisha kazi yote wakaitwika prosesa ya kompyuta kupitia kiendeshi, yaani programu ya kuendesha kifaa, kilichoandikwa kwa ajili ya Windows. Ndiyo maana kadi hizo zikaitwa winmodem. Kilichobaki juu ya kadi ni kama kadi ya sauti yenye tundu la simu. wvdialconf inapotuma "AT" hapati wa kumwitikia, kwa sababu anayepaswa kuitikia ni programu ambayo haimo kwenye mfumo wako.

Viendeshi vya Linux vilikuwapo. Kadi za Lucent, ambazo baadaye ziliuzwa kwa jina la Agere, zilikuwa na ltmodem. Za Smart Link zilikuwa na slmodem. Za Conexant zilikuwa na hsfmodem, ambayo toleo lake la bure lilifungwa lisipite kilobiti 14.4 kwa sekunde. Tatizo lao ni moja: sehemu muhimu ya kila kimojawapo ilitolewa bila msimbo wake, kwa hiyo kerneli, yaani kiini cha Linux, ikishabadilika hakuna fundi wa nje awezaye kuirekebisha ipasavyo. Sehemu hiyo katika slmodem, kwa mfano, ilitengenezwa kwa prosesa za biti 32. Nisingekushauri utumie jioni ya tano juu ya kadi hiyo.

Shika kile kiboksi. Modemu ya nje ya serial hujitegemea kwa kila kitu, na lugha yake ni ileile ya amri za AT iliyoanza na Hayes Smartmodem mwaka 1981, kwa hiyo haihitaji kiendeshi chochote. Kinachohitaji kiendeshi ni kebo yako ya USB, na viendeshi vya aina zilizoenea, yaani ftdi_sio na pl2303, vimo tayari ndani ya kerneli. Ichomeke, kisha soma mistari ya mwisho ya dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Ukiona imetajwa ttyUSB0, hiyo ndiyo poti yako.

Sasa jiongeze kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti hizo, utoke kwenye akaunti na kuingia upya, kwa sababu bila hivyo kila jaribio litakomea kwenye "Permission denied". Simamisha pia ModemManager kwa amri ya systemctl stop ModemManager. Huduma hiyo hutafuta modemu za mitandao ya simu za mkononi, na inaweza kuishika poti yako na kuitumia amri zake wakati wewe unaongea na modemu, nawe ukaona herufi zisizoeleweka ukadhani kebo ni mbovu.

Baada ya hapo usikimbilie wvdial. Fungua minicom -s, programu ya kuzungumza na modemu kwa kuandika, weka poti iwe /dev/ttyUSB0, kasi 115200, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimama, na udhibiti wa mtiririko uwe wa maunzi. Andika AT, bonyeza Enter. Ukijibiwa OK, kompyuta na modemu zinaelewana, na jambo lolote litakaloharibika baadaye limetoka kwenye laini au kwa mtoa huduma. Mtu asiyepitia hatua hii hulaumu kila kitu kwa mpigo mmoja.

Ukipata OK, endesha wvdialconf ikuandikie /etc/wvdial.conf. Angalia sana: mistari ya Phone, Username na Password huandikwa ikiwa na nuktamkato mwanzoni, na usipoziondoa haisomwi kabisa. Ongeza pia mstari wa Stupid Mode = yes, ili pppd, programu inayoendesha PPP, yaani itifaki ya kupitisha intaneti kwenye laini ya simu, ianze mara tu simu inapopokelewa.

Mpigalaini

Nashukuru sana, ndugu Fundi_Waya. Nimefuata kila hatua. Dmesg ilitaja ttyUSB0, na nilipoandika AT ndani ya minicom, taa mbili za mbele zikameta kwa pamoja na OK ikatokea. Sikutegemea kwamba herufi mbili zingenifurahisha kiasi hicho.

Nilipopiga kwa mara ya kwanza nilipata "NO DIALTONE". Nikakuta nyuma ya kiboksi mna matundu mawili yanayofanana, moja limeandikwa LINE na jingine PHONE, nami nilikuwa nimechomeka waya wa ukutani kwenye la PHONE. Nikauhamisha. Hata hivyo ujumbe ule haukuondoka mpaka nilipoinua simu ya kawaida na kusikiliza: mlio wa laini unakatikakatika kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, kwa sababu kuna ujumbe wa sauti uliohifadhiwa ambao sijausikiliza.

Nilipoufuta ujumbe huo modemu ilipiga, upande wa pili ukapokea, zikasikika zile sauti za kukwaruza, na kioo kikaonyesha "CONNECT 115200". Lakini baada ya sekunde chache simu hukatika, na kwenye kumbukumbu za mfumo nakuta mistari hii kila mara:

LCP: timeout sending Config-Requests
Receive serial link is not 8-bit clean:
Problem: all had bit 7 set to 0

Nimejaribu mara kumi na moja. Nimebadilisha waya wa simu na kupunguza kasi hadi 57600. Hakuna tofauti. Je, kebo ya USB ndiyo inayoharibu biti?

Sikiozuri

Samahani kwa kuingilia. Kebo haina kosa, na ndugu Fundi_Waya amekuongoza vizuri isipokuwa mahali pamoja, nako ni ule mstari wa Stupid Mode.

Tafakari ujumbe wenyewe unasema nini. Biti ya nane (ndiyo "bit 7", kwa kuwa huhesabiwa kuanzia sifuri) ya kila baiti iliyopokelewa ilikuwa sifuri. Vifurushi vya PPP havina tabia hiyo, kwa kuwa data yake hutumia biti zote nane, na hata alama yake ya kuanzia mazungumzo ya LCP, hatua ya kwanza ya makubaliano ya PPP, hubeba baiti ya FF. Kitu ambacho biti yake ya nane huwa sifuri daima ni maandishi ya kawaida ya ASCII. Kwa maneno mengine, seva ya upande wa pili inakuandikia kwa herufi, wakati pppd yako inangoja kupelekewa PPP. Inakuomba jina, wewe unaipelekea vifurushi, haivielewi, inasubiri, nayo pppd yako inachoka na kukata.

Usiniamini mimi, ishuhudie mwenyewe. Rudi minicom, andika ATDT ukifuatisha namba ya mtoa huduma, na baada ya CONNECT bonyeza Enter mara moja au mbili. Nina hakika kubwa kwamba utaona neno "login:" au "Username:". Andika jina, kisha neno la siri. Kama baadaye kioo kitajaa herufi za ovyo zenye mabano ya kujikunja kama }, hiyo ndiyo PPP imeanza. Kata simu kwa kusubiri sekunde moja bila kugusa kitu, kuandika +++ mfululizo bila Enter, kusubiri OK, kisha ATH.

Kama ndivyo, futa Stupid Mode. wvdial ikiachwa katika hali yake ya kawaida husoma maandishi yanayotoka kwa seva, huyatambua maombi ya jina na neno la siri, huyajibu, na huanzisha pppd pale tu inapoona PPP. Stupid Mode inazima akili hiyo yote. Inafaa kwa seva zinazoanza PPP papo hapo na kuthibitisha mtumiaji kwa PAP au CHAP, njia zilizo ndani ya PPP yenyewe, na hizo ni nyingi, ndiyo maana ushauri huo husambaa. Kwa seva inayouliza kwa maandishi, ushauri huo ndio unaokata simu.

Kuhusu mlio unaokatikakatika, hakuna haja ya kufuta ujumbe kila mara. Ongeza X3 kwenye mstari wa Init2, ule wa amri za kuandaa modemu katika /etc/wvdial.conf. Kwa X3 modemu haingoji kuutambua mlio wa laini, bali hupiga moja kwa moja, huku ikiendelea kutambua laini iliyo na shughuli.

Fundi_Waya

Ndugu Sikiozuri yuko sahihi, nami naliondoa pendekezo langu. Seva nilizozoea zote zilitumia PAP, nikasahau kwamba si zote zilizo hivyo. Mpigalaini, uniwie radhi kwa hizo simu kumi na moja.

Niongeze jambo moja kuhusu "CONNECT 115200", lisije likakupotosha. Hiyo si kasi ya laini, ni kasi kati ya kompyuta na kiboksi, na uiache ilivyo, kwa sababu modemu hubana data na inahitaji nafasi ya kuipitisha ikishafumuliwa. Modemu nyingi zikipewa W2 kwenye mstari wa kuandaa huonyesha kasi halisi. Usitarajie biti 56000 kwa sekunde, kasi ya kiwango cha V.90. Kiwango hicho cha mwaka 1998 hutegemea kwamba mtoa huduma ameunganishwa na mtandao wa simu kidijitali, ili sauti igeuzwe mara moja tu njiani. Ikigeuzwa mara mbili modemu hurudi kwenye V.34, ambayo mwisho wake ni 33600. Na hata V.90 ikikubali, data unayopakia hubaki kwenye 33600.

Mpigalaini

Ndugu zangu, "login:" ilitokea vilevile kama alivyosema Sikiozuri. Nilikaa nikaitazama. Simu zote kumi na moja seva ilikuwa inaniuliza jina langu nami siijibu.

Nimefuta Stupid Mode, nimeweka X3 na W2, na sasa pppd inashika, inaleta anwani ya hapa na ya upande wa pili, na simu haikatiki. Kasi ni 31200. Limebaki jambo moja: nikipiga ping kwa anwani ya tarakimu najibiwa, lakini nikitumia jina la tovuti naambiwa jina halipatikani.

Sikiozuri

Hilo ni jepesi. Hakikisha faili la /etc/ppp/peers/wvdial lina neno usepeerdns. pppd ikishapokea anwani za seva za majina, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya tarakimu, huziandika katika /etc/ppp/resolv.conf, lisome faili hilo simu ikiwa hewani. Kama anwani zimo, na /etc/resolv.conf bado ina anwani za zamani, basi kuna huduma nyingine inayolimiliki faili hilo, na kwa majaribio unaweza kuzinakili kwa mkono. Tazama pia ip route. Ukiwa na njia ya msingi iliyobaki kutoka kwenye kadi ya mtandao, pppd haitaiondoa yenyewe, nawe utaona vifurushi vikielekea kusikokuwa na mtu.

Mpigalaini

Anwani zilikuwamo kwenye faili la ppp, ila /etc/resolv.conf ilikuwa imebaki na anwani ya kisambazaji nilichokiondoa zamani. Nimezinakili, na majina yanapatikana.

Kwa atakayepita hapa akiwa na hali kama yangu, mistari ya faili langu inayofanya kazi ni hii: Modem = /dev/ttyUSB0, Baud = 115200, Init1 = ATZ, Init2 = ATQ0V1E1X3W2, Dial Command = ATDT, kisha Phone, Username na Password bila nuktamkato, na Stupid Mode haimo. Sasa hivi apt inapakua masasisho kwa chini kidogo ya kilobaiti nne kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya dakika nne kwa kila megabaiti. Nimeiacha iendelee.