Nina miezi miwili Kampala: nikiongea Kiswahili watu wananikunjia uso. Nifanyeje?

binti_chumbageni

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni wa Tanga, nimekuja Kampala kusoma, nimepanga chumba Kikoni, chini ya kilima cha Makerere. Mambo mengine yananyooka. Umeme nimeuelewa (umeme wao wa kulipia kabla, wengi wanauita Yaka, ndiyo LUKU yetu), maji ya jerikani nabeba, na saa wanahesabu kama sisi, saa moja ni saa moja. Kilichonishinda ni lugha.

Nilikuja na uhakika kwamba hii ni Afrika Mashariki, Kiswahili kitanibeba. Wiki ya kwanza tu wenzangu wa hosteli ya jirani wakaniambia, "Leo kuna posho." Nikavaa vizuri, nikachukua na kalamu ya kusainia hela. Kufika nakuta foleni na sahani. Posho ni ugali! Siku mbili kabla nilikuwa nimetembea kwa mguu kutoka mjini hadi Wandegeya kwa sababu kila mtu aliniambia "panda taksi", nami nikajiuliza hela ya taksi mwanafunzi anaitoa wapi. Kumbe taksi ndiyo daladala.

Hayo nilicheka. Jumamosi iliyopita sikucheka. Nilikwenda sokoni Wandegeya kununua nyanya. Kuna mama mtu mzima amekaa nyuma ya mafungu yake, nikamwambia, "Shikamoo mama." Kimya. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti. Akanitazama, akamgeukia mwenzake wakasemezana kitu. Halafu akachukua kipochi chake cha fedha kilichokuwa mezani, cheusi, zipu imekufa, kimefungwa kwa mpira, akakiweka chini ya paja lake. Taratibu kabisa, huku ananiangalia. Nilinunua nyanya kwa kuonyesha vidole. Akanitilia kwenye kavera, ule mfuko wa plastiki ambao kwetu tangu 2019 ni kosa, nikatembea nao nyumbani najiona mwizi mara mbili.

Wa boda nao wakinisikia bei inapaa. Mimi elfu 5, dada aliyekuja nyuma yangu akaongea Kiganda akaenda kwa elfu 2, tena tulishukia lango moja.

Kiingereza ninacho cha darasani. Cha kumwombea jirani chumvi sina. Sasa niulize: niache Kiswahili kabisa? Na je, kuna mahali popote katika mji huu mtu anaweza kutoa shikamoo akaitikiwa marahaba?

wa_nakuru

Pole sana dada. Mimi ni Mkenya, niko mwaka wa tatu, na yangu ni mbaya kuliko yako, kwa sababu Kiswahili changu si cha adabu kama cha Tanga. Mwaka wa kwanza nilimwambia konda "nishukishe hapo mbele" akaniuliza kama mimi ni polisi.

Kwa boda: ongea Kiingereza kifupi, taja mahali, taja bei wewe kwanza, halafu anza kutembea. Usingoje yeye ataje. Ama uite kwa programu ya simu, bei inatoka huko na hakuna cha kubishana. Jioni kula kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa juu ya maharagwe, stress itapungua. Hayo mengine utazoea.

mtoto_wa_kambi

Mwanangu, mimi ni Mganda, Mnubi wa Bombo, kaskazini ya Kampala, kizazi cha askari wa Kisudani wa zamani, nina miaka 64. Baba yangu alikuwa askari, nimezaliwa kambini, Kiswahili nimekinyonya. Huyu ndugu wa Nakuru anasema utazoea, lakini ni vizuri ujue unazoea nini.

Yule mama umesema ni mtu mzima. Basi fikiria Kiswahili alikisikia wapi mara ya kwanza. Hapa tangu enzi za Mwingereza kilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wa Kampala wakakisikia kwa askari wake kwenye vizuizi, usiku, mlangoni. Alipoondolewa 1979 majeshi yenu ya Tanzania yaliingia na Kiswahili kizuri, watu wakawapokea na kuwaita bakombozi. Hiyo furaha haikukaa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kulikuwa na misako mitaani, askari wanazingira mtaa na kuwapakia watu kwenye malori, na mpaka leo jina la misako ile ni la Kiswahili: panda gari. Mwulize Mganda yeyote wa umri wangu "panda gari" ni nini, utaona uso wake. Na majambazi wa miaka ile nao walipenda kuamrisha kwa Kiswahili ili waonekane askari.

Kwa hiyo kipochi hakikukimbia shikamoo yako. Kilikimbia sauti ya zamani.

Ni kweli Kiswahili kiko kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kiwe lazima shuleni. Vijana wanabadilika. Lakini mama wa nyanya katiba hajaisoma.

Ukitaka kukisikia mjini, nenda kwa Wakongomani wa Katwe na Nsambya, au kwa Wasomali wa Kisenyi, wengi wanakijua. Ukitaka marahaba, njoo Bombo. Wanubi tuko wengi hapa, hata watoto wataamka kitini.

mama_wa_mutukula

Mdogo wangu, mimi ni Mhaya wa Bukoba, nilimaliza masomo Kampala zamani na bado napita mpakani Mutukula kila mwezi na mizigo. Mzee amekwambia asili, mimi nakupa dawa.

Shikamoo iache mkobani. Ukifika kwa mtu anayefanya kazi, awe anauza, anafagia, anashona, sema "Gyebale ko, nnyabo." Mwanamume ni "ssebo". Hiyo ni sawa na "pole na kazi" yetu: unamshukuru kwa kazi yake kabla hujamwomba kitu. Wewe ulimpa heshima ya umri, yeye amezoea kupewa ya jasho. Sisi wa Tanzania twaingia dukani na "bei gani" mdomoni, kwa Waganda huo ni ukavu. Salimia, ngoja aitikie, ndiyo uulize "Ssente mmeka?" Ikizidi, "Salako," kata kidogo. Kwenye taksi ukitaka kushuka, "Mu maaso awo."

Na akikujibu "kale" usidhani anazungumzia zamani. Maana yake sawa. Mimi hiyo ilinisumbua muhula mzima!

binti_chumbageni

Mzee wa Bombo, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nikamsomea na mama kwa simu, akasema marehemu babu alikuwa katika vita ile, jambo ambalo sikuwahi kuambiwa.

Dada wa Mutukula, leo nimerudi kwa mama yule yule. Nimesema "Gyebale ko, nnyabo," ulimi mzito. Akaacha kupanga nyanya. Akajibu kitu kirefu, nikashika "kale" na "gyebale" tu, mengine yakanipita. "Ssente mmeka?" nikaikosea, akanirekebisha, nikarudia hadi akaridhika. Kipochi kilikuwa bado chini ya paja, sitawadanganya.

Lakini alipokuwa anafunga kavera akachukua nyanya mbili za juu akazitupia ndani, akasema, "Nyongeza." Nikabaki mdomo wazi. Nikamuuliza kwa Kiingereza, hilo ni neno la lugha gani?

Akasema, "Luganda."

Sikubishana.