Paka 11 kwenye ploti, pesa ya kuhasi wanne: tuanze na nani?

Jirani_Umoja
Habari zenu. Nyuma ya tangi la maji kwenye ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, wanalala paka 11 wasio na mwenyewe: majike 5, madume 4, na wadogo wawili. Wapangaji wamechanga, lakini pesa inatosha wanne tu mwezi huu. Msimamizi wa ploti anataka wote wakamatwe wakatupwe mbali. Pia mbwa jike wa mlinzi wa geti ameanza kutoa damu juzi. Tuanze na madume kwa kuwa upasuaji wao ni mwepesi, ama majike?

Nyuzi_na_Sindano
Majike, nafasi zote nne. Dume mmoja akibaki mzima mtaani anatosha kuwapanda majike wote, kwa hiyo hata ukihasi madume wenu wote wanne, watoto watazaliwa wale wale. Kila jike unayemhasi ni mzao mzima uliokatika. Paka hubeba mimba kama siku 63 hadi 65, anaweza kuishika akiwa na miezi 4 tu, na hurudi kwenye joto (siku za kutaka kupandwa) hata kabla hajaachisha watoto kunyonya. Kinachowasha joto lake ni urefu wa mchana. Kule Ulaya mchana ukifupika majike hupumzika. Nairobi mchana ni ule ule mwaka mzima, basi nao huzaa mwaka mzima. Ndiyo maana jike wa tano asivuke mwezi ujao.

Kuwatupa hakusaidii. Kilichowaleta ni makombo na jaa la taka, na vikibaki, paka wengine ambao hawajahasiwa watahamia hapo. Na msimamizi akigusia sumu, mwambieni wazi kwamba ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360.

Mtego_wa_Omena
Kazi ngumu ni kuwashika. Walisheni mahali pamoja, saa ile ile, kwa wiki moja au mbili. Siku za mwisho wekeni chakula ndani ya mtego wa waya, mlango umefungwa kwa kamba ubaki wazi, wazoee kuingia. Siku moja kabla ya kuwashika, msiwape chakula kabisa, maji tu. Mwambieni na mama wa kibanda cha samaki, maana akiwarushia vichwa hakuna atakayeingia. Omena waliokaangwa wana harufu ya kutosha: tandaza gazeti, weka kijiko kimoja nyuma kabisa ya kibao (kile paka akikikanyaga mlango hujifunga), na omena wawili watatu mlangoni.

Akinaswa tu, funika mtego wote kwa leso nzito. Paka anayeona watu hujigonga kwenye waya mpaka pua ichubuke. Akiwa gizani hutulia. Gunia msitumie: anakosa hewa, na daktari hawezi kumdunga sindano ya usingizi bila kung'atwa. Mwombeni daktari akate ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita moja, paka akiwa bado amelala. Bila alama hiyo mtamshika yuleyule mara ya pili.

Baada ya upasuaji dume alale ndani usiku mmoja, jike hadi siku mbili. Weka katoni chini ya mtego, usiuweke kwenye simiti tupu. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, na baridi ya Julai inaweza kumuua. Usimpe Panadol hata kipande. Kwa paka ni sumu.

Nyuzi_na_Sindano
Mbwa asipasuliwe sasa. Akiwa kwenye joto mishipa ya kizazi hujaa damu, na kuvuja ni rahisi. Joto huchukua kama wiki tatu, na hatari ya kupandwa huwa kubwa zaidi pale damu inapopauka, watu wakidhani yamekwisha. Afungiwe ndani kabisa. Kamba getini haizuii dume. Apasuliwe miezi 2 hadi 3 baadaye, na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa achanjwe. Ulizeni bei KSPCA, chama cha kutunza wanyama, kule Langata, na kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.

Jirani_Umoja
Asanteni sana. Jike mmoja chuchu zake zimevimba na manyoya yamenyonyoka pembeni. Tumwache?

Mtego_wa_Omena
Huyo ananyonyesha. Tafuteni watoto kwanza, hasa chini ya mabati na mbao za zamani. Wakiwa tayari wanakula wenyewe, wiki 6 hadi 8, mshikeni. Akinaswa kabla ya hapo kwa bahati mbaya, daktari anaweza kumpasua ubavuni badala ya tumboni, watoto wasisumbue kidonda. Maziwa hayakauki kwa kuhasiwa. Huyo msimlaze siku mbili: akishaamka vizuri na kusimama imara, mrudisheni asubuhi inayofuata, mahali pale pale mlipomshika.