Kiwanda cha kuunda kwa oda: mbinu za Toyota zinatufaa, au tunajilazimisha?

Wadau, kuna hoja hairudi nyuma: eti mfumo wa Toyota wa kubana upotevu ulitungwa kwa magari yanayofanana, hivyo kiwanda kinachounda kila kitu kwa vipimo vya mteja, tuseme makabati ya umeme, hakiuhitaji. Napinga, ingawa si yote.

Takti (mdundo wa muda sawa kwa kila bidhaa) na kanbani (kadi ya kuagiza kifaa kijazwe kinapopungua) kweli zinakwama. Kabati moja lina kazi ya saa 2, linalofuata saa 11; mdundo utaupimaje? Na kadi ya kujazia swichi isiyoagizwa tena ni kununua vumbi.

Lakini Toyota baada ya vita ilikuwa na soko dogo lenye aina nyingi, ndiyo maana ikahangaikia muda wa kubadili kalibu, yaani umbo la chuma linalofungwa kwenye presi. Shigeo Shingo, mhandisi Mjapani wa viwanda, alieleza kuwa mwaka 1969 muda wa kubadili kalibu kwenye presi ya tani 1,000 ulitolewa saa nne nzima ukafikishwa dakika 3. Nani anahitaji hilo kuliko anayebadili kazi kila siku?

Upotevu wetu mkubwa unaanzia ofisi ya michoro. Kabati lina milango, baa za shaba zimeshakaa, linasubiri swichi kuu moja kwa sababu mteja amebadili ampia (ukubwa wa mkondo wa umeme) na mchoro mpya haujashuka. Fundi analisukuma pembeni, anaanza jingine, nalo linakwama. Msimamo wangu: oda isishuke mpaka mchoro usainiwe na vifaa vyote viwe kwenye toroli lake.

— Mkuu, toroli sawa. Kwenye stoo ndipo naogopa, tukibana akiba kama Toyota. Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin, msambazaji wa Toyota, kilichotengeneza vali za breki. Toyota ilikuwa na akiba ya saa chache tu, viwanda vyake Japani vikasimama siku kadhaa.

— Sijasema tufute stoo. Skrubu na nyaya za kawaida jaza mapipa. Cha pekee ndicho kinunuliwe kwa oda. Hata Toyota, baada ya tetemeko la 2011, iliwataka wasambazaji wa chipu waweke akiba ya miezi.

— Mnabishania stoo, sisi mafundi tunamwona mtu na saa ya kupimia nyuma ya migongo yetu. Muda ukipungua, na watu wanapunguzwa. Andikeni kwanza kwamba hakuna atakayeachishwa kazi kwa sababu ya maboresho, ndipo nitawaonyesha dakika zinapopotelea. Nazijua zote.