Baba na Machungwa ya Muheza

Kikundi: NYUMBANI NGAMIANI

Jumatano

Dada Mwana: Asalaam alaykum. Tumerudi hospitali na Baba. Ni sukari kweli. Juzi ilisoma 14.2 akiwa ameshakula, leo kaenda hajatia kitu mdomoni, 11.6.

Kaka Bakari: Waalaykum salaam. Lahaula. Baba anaendeleaje?

Baba: Sijafa.

Mimi: 😂😂 Shikamoo Baba

Baba: Marahaba. Sukari nimeacha tangu saa nne. Chai nimeinywa chungu kama shubiri.

Shangazi Tatu: Pole kaka. Mimi nilisema zamani, sisimizi wanajaa pale chooni kila asubuhi, mkaniambia nina maneno.

Mama: Na usiku anaamka mara nne, mara tano. Jagi la maji linakwisha kabla ya alfajiri. Nikadhani uzee.

Shangazi Tatu: *(Imesambazwa mara nyingi)* SUKARI INAPONA SIKU 7!!! Chemsha uwatu, majani ya mlonge na mdalasini, kunywa asubuhi na jioni, TUPA VIDONGE. Watumie watu 10

Nasra: Shikamoo mama. Huo ujumbe umezunguka Tanga nzima. Vidonge havitupwi. Na uwatu nao unaweza kushusha sukari, akiuchanganya na dawa bila daktari kujua anaweza kuanguka.

Shangazi Tatu: Marahaba. Nimekusomesha uuguzi uje unirekebishe mbele ya watu.

Nasra: Nisamehe mama yangu 🙏🏽

Kaka Bakari: Nasra hebu sema, inapona au haiponi?

Nasra: Ya mjomba ni aina ya pili. Kongosho linatoa insulini, ile inayoitoa sukari kwenye damu iingie mwilini, ila mwili hauiitikii vizuri, na kongosho lenyewe linachoka kadiri miaka inavyokwenda. Sukari inabaki kwenye damu. Ikizidi figo zinaimwaga kwenye mkojo na maji yanaifuata, ndiyo hiyo kiu na ndiyo hao sisimizi. Wapo wanaopunguza uzito sana ikakaa sawa hata bila dawa, lakini inaweza kurudi, kwa hiyo kupima hakuachwi.

Dada Mwana: Sasa mwulize mchana kala nini.

Baba: Wali.

Dada Mwana: Wali wa nazi, mlima. Halafu kakamua machungwa manane ya Muheza, anasema hakutia sukari hata chembe!

Baba: Matunda ni dawa.

Nasra: Mjomba, chungwa moja ulile na nyama zake, sawa. Manane kwenye glasi ni sukari tupu, inapanda mbio. Na wali, muhogo, sembe, chapati, vyote tumboni vinageuka sukari. Sikukatazi wali. Robo ya sahani wali, robo samaki au maharage, nusu nzima matembele au mchicha.

Baba: Nusu sahani majani. Mimi mbuzi?

Mama: Mbuzi hana kitambi.

Ijumaa

Dada Mwana: Nasra uko hewani??? Baba katoka msikitini anatetemeka, jasho linamwagika, anagombana na kila mtu

Nasra: Pima sasa hivi

Dada Mwana: 3.1

Nasra: Imeshuka. Anaweza kumeza?

Dada Mwana: Ndiyo

Nasra: Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda nusu glasi, ya kawaida si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15 upime tena. Ikiwa bado chini ya 4 mrudishie. Angekuwa amezimia msingemtia kitu mdomoni, ni kumkimbiza hospitali tu.

Dada Mwana: 4.8. Ametulia. Ananiomba radhi 😭

Nasra: Alhamdulillah. Sasa ale chakula. Mjomba, asubuhi ulikula nini?

Baba: Vidonge.

Nasra: Na?

Baba: Na maji. Si mmesema nipunguze.

Nasra: Kile kidogo, glibenklamidi, kinalisukuma kongosho litoe insulini ukiwa umekula au hujala. Usipokula ndiyo haya. Kile kikubwa, metformini, ukimeza na chakula hakikuchafui tumbo sana. Nitakwenda nawe kwa daktari Jumatatu tumweleze haya ya leo.

Baba: Jumatano soda mwiko, Ijumaa mnaninywesha kwa nguvu. Hii maradhi haina msimamo.

Mama: Nasra, lingine. Jana nimemtoa mwiba kwenye unyayo, hajui umeingia lini.

Nasra: Hilo limenitisha kuliko hiyo 3.1. Ganzi imeanza. Kandambili hata uani mjomba, na mkaza mjomba umwangalie nyayo kila usiku. Asiloweke miguu maji ya moto, ataungua asijue. Macho nayo yapimwe.

Kaka Bakari: Nimetuma hela ya stripi na viatu. Viatu Baba, si radio.

Jumamosi

Baba: 17.8

Kaka Bakari: ???

Mimi: Baba umekula nini??

Baba: Sijala kitu. Nilitaka nipime kwanza kama mlivyoniamuru.

Shangazi Tatu: Nilisema uwatu

Nasra: Mjomba kabla ya kupima ulikuwa unafanya nini?

Baba: Nimekaa barazani namenya chungwa. Moja. La baada ya chakula.

Nasra: Kanawe kwa sabuni, kausha vizuri, toboa kidole kingine, pembeni si katikati.

Mama: Ananawa kama anatawadha. Subirini.

Baba: 7.9

Dada Mwana: Kumbe lilipimwa chungwa!

Baba: Mashine nzuri hii. Imeonja Muheza.

Nasra: 😂😂 Kunywa chai mjomba, umeze dawa.

Baba: Na chungwa?

Nasra: Hilo moja.

Baba: Nimeshalimenya ni kubwa kidogo.