Sambusa, katlesi au bajia: nini kitangulie mezani siku ya mahari?

Binti wa Kigamboni
Habari za jioni wanajamvi. Wazee wa upande wa mchumba wangu wanakuja kwetu Kigamboni kuleta mahari, na kabla ya pilau tunataka wapate chai na kitafunwa. Mama anataka katlesi. Shangazi anataka bajia za dengu, maana hazina gharama na zinajaza sahani upesi. Mimi moyo wangu uko kwenye sambusa ya nyama.

Tulipoanza kujuana, mwenzangu alikuwa akinisindikiza jioni mpaka Feri. Tukisubiri pantoni tunanunua sambusa kwa mama mmoja pale nje, anazifunga kwenye gazeti na kukuwekea kipande cha ndimu. Mwenzangu si msemaji. Habari za kwao, za kazi, za mambo anayoyaogopa, zote alinieleza tukiwa tunakula sambusa. Siku aliponiuliza kama niko tayari aje kwetu kujitambulisha, sambusa yangu ilipoa mkononi kabla sijamjibu. Mama haya yote anayajua, lakini anasema sambusa ni chakula cha kituoni, wakwe hawapokelewi hivyo. Nishaurini.

Mpishi wa Ilala
Hongera sana mwanangu. Mimi napika za shughuli. Bajia iweke kando kabisa: utamu wake ni ikitoka karaini, na wageni wako wanavuka maji. Wakikuta foleni pale Feri hujui watafika saa ngapi. Katlesi inavumilia, ila ukizilundika zingali moto zinatoa jasho na lile yai la juu linabanduka.

Sambusa iliyotengenezwa vizuri inakusubiri. Kaanga nyama ya kusaga na tangawizi na kitunguu saumu mpaka maji yote yakauke, iache ipoe, ndipo uchanganye kitunguu maji, giligilani na pilipili. Kitunguu kikiingia kwenye nyama ya moto kinachuja maji, manda inalowa, na sambusa inakupasukia kwenye mafuta. Kona zifunge kwa uji mzito wa unga wa ngano, hata tundu dogo usiliache. Moto uwe wa wastani. Ukiwa mkali, nje inaiva na mikunjo ya ndani inabaki mbichi.

Jirani wa Magomeni
Dada, mimi namuunga mkono mama yako. Mke wangu nilimfahamu kwa sahani ya katlesi. Walikuwa majirani zetu, na mwezi wa Ramadhani kwao walikuwa wakituletea futari imefunikwa kawa. Nikauliza nani kapika, nikaambiwa ni yule binti wa pili. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, basi kazi ya kuirudisha nikaichukua mimi, wala sikumwachia mdogo wangu hata mara moja.

Katlesi ina kazi. Viazi viponde visibaki na bonge, nyama ikae katikati, uzungushe kwa kiganja, uchovye kwenye yai. Mkwe akiuma tu anajua watu wa nyumba hii wamehangaika kwa ajili yake.

Mtu wa Kilwa
Hilo la kituoni silikubali. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alikaa Delhi na akasimulia vyakula vya karamu za sultani Muhammad bin Tughluq. Sambusa imo: nyama iliyokatwakatwa, lozi, vitunguu na viungo, ndani ya unga mwembamba uliokaangwa kwa samli. Chakula kilichopelekwa mbele ya sultani kinafaa mbele ya wakwe. Mweleze mama kwa upole, akiwa ametulia.

Wifi Tegeta
Kachori mmezisahau! Na chatini ya nazi? Ila kwa shughuli hii, mdogo wangu, pika sambusa. Mwenzio akiiona mezani ataelewa bila kuambiwa.

Binti wa Kigamboni
Asanteni nyote. Mama nimezungumza naye. Amekubali sambusa na katlesi ziende pamoja, kwa sharti kwamba manda tutengeneze wenyewe, asione pakiti ya dukani jikoni kwake. Shikamoo mama Mpishi, hapo kwenye manda naomba unishike mkono, na shangazi naye amenuna.

Mpishi wa Ilala
Marahaba mwanangu. Shangazi mkabidhi chatini ya ukwaju, na umwambie mbele ya watu kwamba hakuna anayemfikia. Manda ni hivi: kanda unga kwa maji na chumvi, uwe mgumu kidogo kuliko wa chapati. Sukuma vipande vidogo, paka mafuta, nyunyiza unga mkavu, vipandanishe, kisha visukume vyote kwa pamoja mpaka viwe vyembamba. Babua kwenye kikaango kikavu, upande huu na huu, pasipate rangi. Zibandue zingali moto, maana zikipoa zinachanika. Kata, funika kwa kitambaa kibichi, anza kukunja.