Canon 700D na laki mbili na nusu: nianzie wapi kupiga wadudu kwa karibu?

Luchelele_Pwani:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Mwanza, nina Canon 700D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55 STM. Nataka kupiga viumbe vidogo vya ufukweni: kereng'ende kwenye magugu maji, buibui wa kwenye mawe, na wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi juu ya maji. Lenzi halisi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana) siiwezi kwa sasa, bajeti ni laki mbili na nusu. Nimeona vitu vitatu: vioo vya kufunga mbele ya lenzi (+1, +2, +4, +10), pete za kurefusha lenzi, na pete ya kugeuzia lenzi (inafungwa kinyumenyume, mbele ikatazama kamera). Kipi nichukue, na kipi kitanilia hela bure?

Fundi_Lenzi:
Mkuu, seti ya vioo vya bei rahisi iache. Kila kimoja ni kipande kimoja tu cha kioo, hakirekebishi rangi. Ukifunga +10, katikati patavumilika, ila pembeni picha inalegea na kila ukingo unaong'aa unavaa mstari wa zambarau.

Chukua pete za kurefusha, seti yenye 13, 21 na 31 mm. Ndani hazina kioo, zinasogeza lenzi mbali na sensa (kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) basi. Hesabu yake ni hii: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi (zile namba 18 hadi 55, kwa milimita), kisha jumlisha ukuzaji ambao lenzi inao tayari. Lenzi yako ikiwa kwenye 55 ina ukuzaji wa 0.36. Ongeza 31 gawanya kwa 55, ambayo ni 0.56, unapata kama 0.9. Maana yake mdudu wa sentimita moja anatua kwenye sensa akiwa na milimita 9, na sensa ya 700D ina upana wa milimita 22.3. Anajaza karibu asilimia 40 ya upana wa picha, na hapo macho na nywele za miguu vinaonekana vizuri.

Mambo mawili usiyapuuze. Kwanza, lazima ziwe na pini za umeme. Zisizo na pini ni rahisi sana na ndizo zinazowanasa watu: kamera inaandika 00, tundu la lenzi (linalopitisha mwanga) linabaki wazi, na kwa kuwa fokasi ya STM inaendeshwa na umeme, hata ukizungusha kwa mkono haisogei. Pili, angalia mdomo wa pete uwe wa chuma. Wa plastiki huanza kucheza, kisha pini zinapoteza mgusano katikati ya kazi.

Na usiweke pete ya 31 lenzi ikiwa kwenye 18. Eneo la fokasi linaangukia ndani ya kioo cha mbele, utahangaika ukidhani kifaa ni kibovu.

Mwanga_Kwanza:
Naungana na Fundi, ila sehemu ya bajeti iende kwenye mwanga. Wengi wananunua pete, wanapiga bila flashi, halafu wanalaumu lenzi.

Kwa ukuzaji wa 1:1 (mdudu anatua kwenye sensa kwa saizi yake halisi), f/8 inafanya kazi kama f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kwa hiyo mwanga unapungua stopu mbili, yaani unabaki robo. Na kina cha fokasi (unene wa sehemu inayoonekana kali) hapo ni nusu milimita na kidogo. Huwezi kufungua tundu upate mwanga, maana jicho litakuwa kali na bawa lote limepotea. Huwezi pia kufunga hadi f/22, picha nzima itafifia kwa sababu ya mwanga kupinda kwenye tundu dogo. Baki f/8 hadi f/11.

Flashi ya juu ya 700D inatosha kuanzia. Tatizo lake ni kivuli cha lenzi na mng'ao mkali mgongoni mwa mdudu. Tafuta lile sponji jeupe jembamba linalofungia vifaa vya umeme, uliza maduka ya simu. Kata mstatili wa kama sentimita 20 kwa 15, toboa tundu la kubana ncha ya lenzi, upande wa juu uinuke mbele ya flashi na kuinamia mbele kidogo. Kadiri eneo jeupe linavyokuwa kubwa na karibu na mdudu, ndivyo mng'ao unavyolainika. Hili ndilo linalotenganisha picha ya mbawakawa mwenye rangi na picha ya mbawakawa mwenye doa jeupe.

Weka M (unapanga mwenyewe), 1/200 ya sekunde, f/8, ISO 200 au 400, flashi punguza -1. Zima otofokasi. Fokasi unaipata kwa kusogeza mwili mbele na nyuma taratibu huku ukibonyeza picha kadhaa mfululizo. Egemeza kiwiko kwenye jiwe. Mwanza mawe hayajawahi kuwa tatizo.

Luchelele_Pwani:
Shukrani sana wakuu. Pete ya kugeuzia je? Ni rahisi kuliko zote.

Fundi_Lenzi:
Inafaa, ila iwe ya pili. Kwa lenzi yako nunua ya 58 mm upande wa lenzi, na EF (mdomo wa kamera za Canon) upande wa kamera. Lenzi ikigeuzwa haina umeme, kwa hiyo tundu lifunge kabla: ifunge kawaida, weka Av (unachagua tundu mwenyewe) na f/8, shikilia kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi (kipo chini, pembeni ya mdomo wa lenzi), na ukiwa bado umekishikilia, ifungue lenzi kamera ikiwa inawaka. Tundu litabaki hapo hapo. Ikigeuzwa, 18 ndiyo inakuza sana, 55 inakuza kidogo. Anzia 55.

Unakaa kama sentimita 4 au 5 tu kutoka kwa mdudu, kwa hiyo ni ya buibui aliyetulia, siyo ya kereng'ende. Na kitako cha lenzi kiko wazi kikitazama nje. Usiitumie jioni wadudu wa ziwa wakiwa hewani.

Kirumba_Makro:
Kwa kereng'ende mimi napendekeza Raynox DCR-250, kioo cha kufunga mbele ya lenzi, lakini siku ukiwa na lenzi ya 55-250. Ni diopta 8 (nguvu ya +8), kwenye 250 inakupa ukuzaji wa karibu mara 2 na unakaa zaidi ya sentimita 10. Kwenye 55, lenzi ikiwa imefokasi mbali, haifiki hata nusu, kwa hiyo usiinunue sasa.

Piga kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, na kereng'ende bado ana baridi, haruki hovyo. Wale wadudu wa ziwa watafute ukutani chini ya taa za usiku: dume ana vipapasio kama manyoya. Kwa saizi yao weka 21 na 31 pamoja, lenzi ikiwa 55.

Vifaa vyote hifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika. Unyevu wa huku unaotesha ukungu ndani ya lenzi. Ukinunua 55-250 ya mtumba, mulika tochi kutokea nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui, irudishe.